Kempa kuukuu ya pikapu: Ziba paa kwanza, urembo baadaye

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ina maana ya moja kwa moja kwa yeyote anayenunua kempa kuukuu, yaani kijumba cha kusafiria kinachobebwa mgongoni mwa pikapu, akiwa na pesa kidogo mfukoni.

Katika miji mingi midogo ya Marekani na Kanada, kempa za aina hii huonekana zikiwa zimesimamishwa nyuma ya nyumba au pembeni mwa shamba, zikiwa na tangazo la kuuzwa kwa bei ya kutupa. Baadhi huuzwa kwa dola mia chache tu, ilhali mpya hugharimu makumi ya maelfu ya dola.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo humvutia mstaafu, kijana aliyeanza kazi juzi au familia inayotamani kuzuru mbuga za taifa bila kulipia vyumba vya hoteli. Aghalabu mnunuzi huyo huanza na kile anachokiona kwa macho. Hupaka rangi, hubadilisha mapazia na kununua godoro jipya.

Mvua kubwa inaponyesha, maji hupenya palepale yalipokuwa yakipenya tangu awali. Rangi hufura, kuta huanza kunuka uvundo, na pesa zilizotumika huwa zimeenda na maji.

Kinachoamua iwapo kazi itafaulu si wingi wa pesa bali utaratibu wa kuzitumia. Anayeanza kwa kuzuia maji, kisha akaimarisha kiunzi, akaondoa hatari za gesi na umeme, na kupamba mwishoni kabisa, anaweza kuifufua kempa kwa gharama nafuu. Anayeugeuza utaratibu huo hulipa mara mbili, na wakati mwingine huhatarisha uhai wake.

Kempa ni nini?

Kanuni za usalama wa magari nchini Marekani hukieleza chombo hiki kuwa kile chenye paa, sakafu na kuta, kilichoundwa ili kiwekwe katika sehemu ya mizigo ya pikapu na kuondolewa na mtumiaji mwenyewe. Chenyewe hakina injini wala magurudumu.

Sehemu yake ya mbele hutokeza juu ya kichwa cha gari, na humo ndimo kilimo kitanda. Nyuma yake huwa na jiko dogo la gesi, karo, jokofu, kabati na meza ambayo usiku hugeuzwa kuwa kitanda cha pili.

Katika pembe zake nne hufungwa jeki ndefu. Mwenyewe anapozizungusha, kempa huinuka, pikapu ikaondoka chini yake na kwenda kufanya kazi nyingine. Hiyo ndiyo faida yake kuu: gari moja hutumika kwa kazi siku za wiki na likawa nyumba siku za mapumziko.

Vyombo hivi vilianza kuenea Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na vikapata umaarufu zaidi katika miaka ya 1950 na 1960.

Mnamo Septemba 1960, mwandishi John Steinbeck, ambaye riwaya yake fupi The Pearl imewahi kuwa miongoni mwa vitabu teule katika shule za upili za Kenya, alifunga safari ya kuizunguka nchi yake akiwa na mbwa wake ndani ya pikapu iliyobeba kijumba cha aina hii. Alikiita chombo hicho Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote, na akasimulia safari hiyo katika kitabu Travels with Charley kilichotoka mwaka 1962. Gari hilo limehifadhiwa katika makavazi yanayomuenzi mwandishi huyo mjini Salinas, California.

Adui ni maji

Ili kuelewa ni kwa nini kempa kuukuu huuzwa kwa bei ya chini, sharti kuelewa jinsi inavyoundwa. Nyingi za zamani zina kiunzi cha mbao nyembamba, baadhi zikiwa na upana wa sentimita 4 na unene wa sentimita 2 pekee, zilizounganishwa kwa pini na gundi.

Nje ya kiunzi hicho hupigiliwa bati jembamba la alumini. Ndani huwekwa plaiwudi yenye unene wa milimita 3 hivi. Katikati hujazwa sufi ya vioo au povu gumu la kuzuia joto na baridi.

Mahali bati la ukutani linapokutana na la paa, hufunikwa kwa ukanda wa chuma unaokazwa kwa skrubu. Chini ya ukanda huo huwa na puti laini ya kuzuia maji. Puti hiyo ndiyo ngao ya kempa nzima.

Miaka inavyosonga, jua huikausha puti hiyo ikapasuka. Mitikisiko ya barabarani nayo hulegeza skrubu. Tone moja la maji linapopenya, huteremka kwenye sufi ya vioo na kunaswa humo, mbali na jua na upepo.

Mbao zenye unyevu unaozidi takriban asilimia 20 kwa muda mrefu huwa makao ya kuvu wanaosababisha kuoza. Hivyo basi, kempa inaweza kung'aa kwa nje huku kiunzi chake kikiwa kimegeuka unga. Bati na plaiwudi hubaki zikishikiliana zenyewe, hadi siku gari litakapopita kwenye shimo.

Uchunguzi kabla ya kununua

Mnunuzi makini huenda kuitazama kempa siku ya mvua au siku moja baadaye. Huufungua mlango na kunusa kabla ya kutazama. Harufu ya uvundo haidanganyi, na harufu kali ya manukato iliyopulizwa asubuhi hiyo inapaswa kumtia shaka.

Kisha hubonyeza kuta kwa kidole gumba, hasa chini ya madirisha, kandokando ya tundu la hewa kwenye paa, na katika pembe za sehemu ya kitanda. Plaiwudi inayobonyea au kutoa sauti ya karatasi ni dalili ya kuoza. Madoa ya rangi ya kahawia yanayofuatana kama ramani huonyesha maji yalikopitia.

Sehemu mbili huhitaji ukaguzi wa ziada. Ya kwanza ni chini ya kitanda kinachotokeza juu ya kichwa cha gari, kwa kuwa huko ndiko mvua hupiga kwa nguvu gari linapokwenda mbio. Ya pili ni pembe nne zinazoshikilia jeki.

Pembe hizo zikiwa zimeoza, skrubu za jeki zinaweza kung'oka wakati kempa imeinuliwa. Chombo chenye uzito wa nusu tani au zaidi kikianguka, hakimpi aliye chini yake nafasi ya kutoroka. Kwa sababu hiyo, mafundi hawafanyi kazi chini ya kempa iliyoshikiliwa na jeki pekee. Huiteremsha na kuiegemeza juu ya vihimili imara vya mbao.

Vilevile, hati za mauzo zisipuuzwe. Sheria hutofautiana kutoka jimbo moja hadi jingine. Kuna yanayoihesabu kempa kuwa mzigo tu, na mengine hutaka isajiliwe. Risiti iliyotiwa sahihi na yenye nambari ya kempa humwepushia mnunuzi kesi ya kununua mali ya wizi.

Hesabu ya uzito

Kosa ambalo haliwezi kurekebishwa kwa gundi wala rangi ni kununua kempa nzito kuliko uwezo wa gari. Wengi hudanganywa na majina. Pikapu inayoitwa ya "nusu tani" haimaanishi kuwa hubeba kilo 500 kamili. Jina hilo ni la mazoea, na uwezo halisi hutofautiana kutoka gari moja hadi jingine.

Katika pikapu za miaka ya karibuni nchini Marekani, uwezo huo huandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Kibandiko hicho hutaja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa pamoja. Neno "kwa pamoja" ndilo ambalo wengi husahau.

Chukua mfano wa pikapu ambayo kibandiko chake kinasema kilo 750. Mume na mke wenye jumla ya kilo 150 wakiketi ndani, zimebaki kilo 600. Kempa tupu ina kilo 500, na kwa haraka hiyo huonekana kutosha.

Hata hivyo, lita 80 za maji ni kilo 80. Mtungi wa gesi uliojaa ni kilo 17. Betri ni kilo 25. Vyakula, vyombo, nguo na matandiko ni kilo 80. Jumla ni kilo 702, hivyo gari limezidiwa kwa kilo 102 kabla ya safari kuanza.

Gari lililozidiwa huchelewa kusimama breki zinapokanyagwa, tairi zake huchemka, na huyumba upepo unapovuma kutoka ubavuni. Isitoshe, kitovu cha uzito wa kempa kikiwa nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza nguvu.

Mkarabati asisahau kuwa kazi yake pia huongeza uzito. Ubao mmoja mzima wa plaiwudi ya milimita 3 una kilo 5 hivi, ilhali wa milimita 12 hufika kilo 20. Anayebadilisha kuta zote kwa plaiwudi nene akidhani anaiimarisha kempa, huenda akailemea pikapu yake.

Panya na usafi wa kwanza

Kempa iliyokaa miaka mingi bila mtu haikosi wapangaji. Panya hupenda kujenga viota ndani ya sufi ya kuta na chini ya makabati.

Huko Marekani hili si suala la uchafu tu. Mwaka 1993, katika eneo ambako majimbo ya Arizona, New Mexico, Colorado na Utah hupakana, wataalamu walitambua ugonjwa hatari wa mapafu unaosababishwa na virusi vya hanta. Virusi hivyo hutoka katika mkojo, mate na kinyesi cha jamii fulani za panya wa porini. Takriban watu 4 kati ya kila 10 wanaofikia hatua ya kushindwa kupumua hufariki.

Binadamu huvipata zaidi kwa kuvuta vumbi lililochafuliwa. Kwa hivyo, kuchukua ufagio na kuanza kufagia ni kosa kubwa. Wataalamu wa afya hushauri milango na madirisha yafunguliwe kwa angalau dakika 30 kwanza.

Baada ya hapo, aliyevaa glavu hunyunyizia kinyesi na viota mchanganyiko wa sehemu moja ya klorini ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, akaviacha viloe kwa dakika tano, kisha akavifuta kwa karatasi na kuvitupa ndani ya mfuko uliofungwa. Gharama yake ni ya chupa moja ya klorini na jozi ya glavu.

Kutafuta mahali panapovuja

Baada ya usafi, hatua ya kwanza ya ukarabati wenyewe ni kutafuta njia ya maji. Mbinu rahisi huhitaji watu wawili. Mmoja hukaa ndani na tochi, na mwingine humwagia maji nje kwa mpira, akianza chini na kupanda juu polepole, kiungo kimoja baada ya kingine. Anayeanza na paa hatajua maji yaliingilia wapi, kwa kuwa yatateremka kila mahali.

Mbinu ya pili hutumia hewa. Madirisha hufungwa, na feni huwekwa kwenye tundu la paa ikipuliza hewa ndani. Aliye nje hupaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Panapotokea mapovu ndipo palipo na ufa.

Kila palipo na ufa huwekwa alama. Kisha plaiwudi ya ndani hubanduliwa katika sehemu zilizoathirika, sufi iliyoloa ikatolewa na kutupwa, na kiunzi kikaachwa kikauke. Feni na madirisha wazi hutosha, lakini huenda kazi hiyo ikachukua majuma kadhaa. Kifunika mbao mbichi kwa plaiwudi mpya huwa ameufungia ugonjwa ndani.

Kuimarisha kiunzi

Si kila ubao wenye doa huhitaji kutolewa. Fundi huuchoma kwa ncha ya bisibisi. Ukikataa kuingia, ubao ungali hai. Ukizama kama katika mkate, umekwisha.

Ubao ulioathirika kwa sehemu unaweza kuimarishwa kwa kuupachika mwenziwe mpya kando, ukagundishwa na kukazwa kwa skrubu, mradi ubao mpya uvuke sehemu iliyooza na kufikia mbao nzima pande zote mbili. Ulioza wote hukatwa na kubadilishwa, mmoja baada ya mwingine, ili kempa isipoteze umbo lake.

Wengine hufikiri kuwa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza zingefaa zaidi. Hata hivyo, nyingi za dawa hizo zina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, bati huliwa likatoboka. Mbao za kawaida zilizokauka vyema ndizo salama zaidi nyuma ya bati la alumini.

Kuziba viungo

Hapa ndipo tofauti ya bei ndogo huleta tofauti kubwa ya matokeo. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, silikoni ndiyo huwa karibu zaidi na mkono. Anayeitumia kila mahali hujuta baadaye, kwa sababu silikoni ikizeeka ni vigumu kuondoa mabaki yake, na gundi nyingine, hata silikoni mpya, haishiki vizuri juu yake.

Njia iliyozoeleka na mafundi wa kempa ni kung'oa ukanda wa chuma wa pembeni, kukwangua puti yote ya zamani, kusafisha bati kwa spiriti, kisha kubandika utepe wa butili. Huu ni utepe mzito unaonata, usiokauka upesi, na unaoweza kunyumbuka gari linapotikisika.

Ukanda hurudishwa juu ya utepe huo na kukazwa kwa skrubu mpya zisizoshika kutu. Butili hujitokeza pembeni, na hiyo ni ishara njema. Ziada hukatwa siku chache baadaye. Madirisha nayo hutolewa na kurudishwa kwa namna iyo hiyo.

Juu ya paa, kandokando ya tundu la hewa na mabomba, hutumika gundi maalumu inayojisambaza yenyewe na kujaza nafasi kabla ya kuganda. Kwa paa la mpira, mkarabati asitumie vimiminiko vyenye petroli kulisafishia kwa kuwa huliharibu.

Rangi nyeupe ya paa inayonyumbuka hupunguza joto na kulinda bati. Lakini rangi hiyo huja baada ya viungo kuzibwa. Haiwezi kuchukua nafasi ya kazi hiyo, hata ikipakwa mara nne.

Gesi na hewa ya sumu

Kempa ni chumba kidogo ambamo watu hupika na kulala. Kosa la gesi ambalo katika nyumba kubwa lingesababisha maumivu ya kichwa, humu huua.

Gesi aina ya propeni ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya hewa. Ikivuja, haipandi na kutoka dirishani bali hutulia sakafuni. Ndiyo sababu king'ora cha gesi hufungwa karibu na sakafu, na kabati la mtungi huwa na tundu la kutolea hewa chini na kuzibwa kabisa kwa upande wa ndani.

Mpira na regulata ya zamani hubadilishwa bila mjadala. Viungo vyote hupakwa maji ya sabuni wakati gesi imefunguliwa, na povu likionekana, gesi hufungwa mara moja. Kiberiti hakitumiki kamwe kutafuta mahali panapovuja. Shinikizo la mfumo mzima nalo hupimwa na fundi aliyehitimu, na huo ni mmoja wa malipo ambayo hayafai kukwepwa.

Hatari ya pili haina harufu. Moto unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo humlevya mtu aliyelala bila yeye kujua. Jiko la kupikia halifai kutumiwa kupasha joto chumba usiku, na king'ora cha kaboni monoksidi ni lazima. Ving'ora hivi huwa na tarehe ya mwisho. Vilivyokutwa ndani ya kempa ya miaka 20 ni mapambo tu.

Jokofu la gesi huchunguzwa pia. Harufu ya amonia au unga wa manjano nyuma yake humaanisha mabomba yake yametoboka, na ukarabati wake aghalabu hushinda thamani ya kempa.

Hapa mwenye pesa kidogo ana njia ya mkato iliyo halali: kuondoa badala ya kurekebisha. Mfumo wa gesi ukiwa umechakaa kabisa, unaweza kutolewa wote na mahali pake kuchukuliwa na jiko dogo la kubebeka linalotumiwa nje. Jokofu bovu hubadilishwa na sanduku la barafu. Kempa huwa nyepesi, salama na rahisi kutunza.

Umeme na maji

Taa za kempa hutumia betri ya volti 12. Balbu ya zamani inaweza kula wati 18, ilhali ya LED yenye mwangaza unaokaribia huo hula wati 2 au 3. Kwa kubadilisha balbu pekee, betri ileile hudumu usiku kadhaa badala ya mmoja.

Kila waya unaotoka kwenye betri sharti uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe. Betri ya asidi huwekwa ndani ya sanduku lenye njia ya kutolea hewa nje, kwani hutoa gesi inayoweza kulipuka inapochajiwa. Waya zilizotafunwa na panya hutolewa zote. Nyaya za volti 120 zinazounganishwa na umeme wa kituo cha kambi zikaguliwe na fundi wa umeme.

Tangi la maji safi husafishwa kwa takriban mililita 1 ya klorini ya kawaida ya kufulia, isiyo na manukato, kwa kila lita ya maji. Maji hayo hupitishwa kwenye mabomba yote, yakaachwa kwa saa kadhaa, kisha tangi likasuuzwa hadi harufu iishe. Tangi lililopasuka linaweza kusubiri. Madebe mawili ya plastiki yenye mifuniko hutosha kwa safari za mwanzo.

Bajeti ya dola 2,000

Chukua mfano wa mtu aliye na dola 2,000, sawa na takriban Sh260,000 kwa kiwango cha Sh130 kwa dola. Amepata kempa kwa dola 700, hivyo amebaki na dola 1,300.

Mgao wenye busara unaweza kuwa hivi: dola 300 kwa utepe wa butili, gundi ya paa, skrubu na rangi ya paa, dola 300 kwa mbao, plaiwudi na vizuizi vya joto, na dola 250 kwa ving'ora, kizima moto, mpira wa gesi, regulata na ukaguzi wa fundi.

Betri, fyuzi na taa zitengewe dola 200, na minyororo na vifungio vya kuishikilia kempa garini dola 100. Dola 150 zilizobaki ni akiba, kwa sababu kila ukuta unaobanduliwa huwa na siri yake.

Katika orodha hiyo hamna mapazia, vigae wala rangi ya ndani. Hayo husubiri hadi mvua kubwa ipite na kuta zibaki kavu. Akiba ikisalia, ndipo inapogeuzwa kuwa urembo. Mapazia yanaweza kushonwa kwa shuka za zamani, na makabati ya awali yakasuguliwa kwa msasa badala ya kununuliwa mapya.

Mgao huo unaonyesha pia wakati wa kukataa biashara. Ikiwa pembe zote nne zimeoza, sakafu inabonyea na paa limelegea, basi kinachouzwa si kempa bali dirisha, mlango na jiko. Hata ikitolewa bure, huenda gharama yake ikapita ya kununua nyingine iliyo nzima kiasi.

Safari ya kwanza

Kazi inapokamilika, kempa hufungwa kwa minyororo kwenye vishikizo vilivyokazwa katika fremu ya gari. Bodi nyembamba ya pikapu haifai kutegemewa peke yake, kwani inaweza kupinda au kung'oka katika kona kali. Vifungio hukazwa tena baada ya kilomita chache za kwanza.

Kituo cha kwanza cha safari si mbugani bali kwenye mizani ya malori, ambayo hupatikana katika vituo vingi vikubwa vya mafuta kandokando ya barabara kuu za Marekani. Kwa dola chache, dereva hupewa uzito wa kila ekseli, maji na abiria wakiwemo. Nambari hizo hulinganishwa na za kibandiko cha mlangoni na za tairi.

Usiku wa kwanza nao haufai kuwa mbali na nyumbani. Kulala uani siku mbili au tatu, mvua ikinyesha, hufichua mengi kuliko ukaguzi wa mwezi mzima. Kinachovuja uani hurekebishwa kwa saa moja. Kinachovuja jangwani usiku wa manane huharibu safari.

Fauka ya hayo, utunzaji hauishi. Mara mbili kwa mwaka, mwenye kempa hupanda ngazi na kukagua viungo vya paa, akapaka gundi kidogo panapoanza kupasuka. Kazi hiyo ya nusu saa, pamoja na gundi ya dola 15 hivi, ndiyo ambayo mmiliki aliyetangulia hakuifanya. Aliyekarabati kempa kwa mikono yake hujua ilivyo nyuma ya kila bati, na kwa hivyo ana kila sababu ya kuupanda ngazi kabla ya masika kufika.